Andorra la Vella: siku mbili zinatosha, ila kagua viza kwanza

Andorra la Vella, mji mkuu wa Andorra, nchi ndogo ya milimani kati ya Hispania na Ufaransa, inajinadi kwa vitu vitatu: theluji, maduka na maji ya moto. Theluji yenyewe haiko mjini. Iko juu, huko Soldeu, Pas de la Casa na Arinsal, na lazima upande basi kuifuata. Maduka yapo, tena hadi yanachosha. Maji ya moto yako Escaldes-Engordany, mji jirani ulioshikana na mji mkuu kiasi kwamba ukitembea kwa miguu hujui umevuka wapi. Kisichopigiwa debe ni mtaa wa kale wa mawe, makanisa madogo ya kale na njia za miguu zinazoanzia nyuma kabisa ya magorofa. Kwa maoni yetu, hivyo ndivyo vinavyofanya nauli isikuume.

Hukumu tuitoe mapema. Kwa mtu aliye tayari Barcelona au Toulouse, huu ni mji mzuri wa kuongeza siku mbili. Kufunga safari kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Muscat kwa ajili yake peke yake, hapana. Na kwa anayefuata bei nafuu za simu na manukato, asome sehemu ya maduka kabla hajalipia tiketi.

Nchi nzima ina kilomita za mraba 468, karibu nusu ya Pemba, na mji mkuu wake uko mita 1,023 juu ya usawa wa bahari. Hakuna mji mkuu mwingine Ulaya ulio juu kiasi hicho. Mtu wa Nairobi asitishike, maana kwao ni juu zaidi kwa mamia ya mita. Kinachotesa hapa ni baridi na ukavu wa hewa. Majira ya baridi asubuhi huwa chini ya sifuri, na kwa kuwa mji umelala ndani ya bonde jembamba, jua la Desemba huchelewa kuchomoza juu ya kilele kimoja na huwahi kujificha nyuma ya kingine. Mafuta ya mgando ya midomo na mikono yawe mfukoni, si ndani ya sanduku.

Viza

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Andorra haimo katika Umoja wa Ulaya wala katika eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kwa mtalii wa siku chache haidai viza yake. Ila haina uwanja wa ndege wala reli, na imezungukwa na Hispania na Ufaransa pande zote. Hakuna mlango wa kuiingilia ila kupitia Schengen. Mwenye paspoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji basi viza ya Schengen, na lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Sababu ni hii: ukitua Barcelona umeingia mara ya kwanza, ukivuka kwenda Andorra umetoka, ukirudi Barcelona kupanda ndege ya nyumbani, hiyo ni mara ya pili. Viza ya mara moja inakuwa imekwisha kazi ukiwa bado milimani.

Chukua paspoti, tazama stika ya viza, tafuta mstari wa idadi ya kuingia. Ukikuta 01, Andorra iache kwa safari nyingine. Ukikuta 02 au MULT, endelea. Utasikia watu wakisema kwamba mpakani hawakagui paspoti. Ni kweli mara nyingi basi hupita bila mtu kuulizwa lolote. Lakini wanapoamua kukagua hukagua basi zima, na mtu wa viza ya mara moja hana la kujitetea. Usicheze bahati nasibu na paspoti ambayo kesho utaombea viza nyingine.

Maombi huanza kupokelewa miezi 6 kabla ya safari, na yasipelekwe chini ya siku 15 kabla. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Kwenye fomu, pale panapouliza idadi ya kuingia, chagua zaidi ya moja, kisha katika barua ya maelezo andika wazi: tarehe fulani hadi fulani nitakuwa Andorra la Vella, na hoteli hii hapa. Usipoeleza, afisa hana sababu ya kukupa ya pili. Omba kwa Hispania kama siku nyingi utakaa Hispania, au kwa Ufaransa kama siku nyingi ni za huko.

Bima nayo ina mtego wake. Ile inayodaiwa kwa viza, ya fidia ya angalau euro 30,000, hutakiwa kufanya kazi nchi zote za Schengen. Andorra si mojawapo. Bima nyingi za bei ya chini huandika "nchi za Schengen" na kukomea hapo. Anayevunjika mguu kwenye theluji ya Soldeu anabaki na deni la helikopta. Tafuta iliyoandika Ulaya yote, au iliyoitaja Andorra kwa jina, na kama utateleza kwenye theluji hakikisha mchezo huo haumo kwenye orodha ya yaliyokatazwa.

Jambo moja zaidi. Kwa kanuni, siku za Andorra hazihesabiki katika zile 90 za Schengen. Lakini kama kutoka na kuingia kwako hakukuandikwa mpakani, utazithibitishaje? Zihesabu tu kana kwamba hukutoka, ulale usingizi.

Kufika

Basi la Barcelona ndilo jibu kwa walio wengi. Mabasi ya moja kwa moja yanatoka uwanja wa ndege wa El Prat, kwenye majengo ya abiria T1 na T2, na mengine katika kituo cha treni cha Sants. Ni kilomita 200 hivi, mwendo wa takriban saa tatu hadi tatu na nusu, na tiketi ya upande mmoja ni kama euro 30 hadi 40. Nunua mtandaoni, na usome tiketi ili ujue ni T1 au T2: magari hupita vituo vyote viwili kwa dakika tofauti, na kutoka kimoja hadi kingine si mwendo wa kukimbia na sanduku.

Kutoka Toulouse umbali unakaribiana, ila barabara hupanda hadi Port d'Envalira, mita 2,408, au kupita kwenye handaki la kulipia lililo chini yake. Ikianguka theluji nzito barabara hufungwa kwa saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima. Kati ya Desemba na Machi, kama una uhuru wa kuchagua, pitia Hispania. Upande huo barabara hufuata bonde la mto Valira, haipandi kilele chochote.

Gari la kukodi lina maana kama unataka kuzunguka vijiji. Kwa mji wenyewe ni mzigo: maegesho karibu yote ni ya kulipia, na ukilala mjini gari litakaa chini ya hoteli likila hela. Majira ya baridi hakikisha lina matairi ya theluji au minyororo, na ujaribu kuifunga minyororo hiyo mara moja mchana penye sakafu kavu. Kujifunza gizani kando ya barabara, vidole vimekufa ganzi, ni adhabu.

Sasa kurudi, maana hapa ndipo ndege zinapowaacha watu. Jumapili mchana maelfu ya Wahispania waliokuja kununua na kuteleza kwenye theluji hurudi kwao kwa wakati mmoja, kwa barabara ileile moja, kupitia forodha ileile ya La Farga de Moles. Foleni huanza mapema alasiri. Ratiba ya basi haijui foleni. Jumapili, na siku ya mwisho ya sikukuu yoyote ya Hispania, ongeza saa mbili juu ya muda wa kawaida, au ondoka asubuhi. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi hakuna shida hiyo, na hoteli nazo huwa bei ya chini. Wiki ya tarehe 6 na 8 Desemba, Krismasi hadi Mwaka Mpya, Wiki Takatifu na Agosti ni nyakati za kuepuka kwa mtu asiyelazimika.

Simu izimwe data kabla ya mpaka

Laini uliyonunua Barcelona, hata ile inayoitwa ya Ulaya nzima, kwa kawaida inaishia mpakani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kutumia simu nje bila gharama ya ziada haiihusu Andorra, na nchini kuna kampuni moja tu ya simu, Andorra Telecom. Simu yako ikishika mnara wake, WhatsApp inayopakua picha za kundi la harusi la nyumbani inaweza kumaliza salio, au kukuletea bili ya kukuondoa usingizi. Kabla basi halijafika La Seu d'Urgell, mji wa mwisho wa Hispania, zima romingi ya data. Hotelini, migahawani na penginepo kuna Wi-Fi. Ukitaka eSIM, soma orodha ya nchi moja baada ya nyingine. "Ulaya nchi 30 na zaidi" si ahadi kwamba Andorra imo. Pakua ramani ya mji ukiwa bado Barcelona.

Umeme ni volti 230 na soketi ni za pini mbili za mviringo. Chaja za nyumbani zenye pini tatu za mstatili zinahitaji adapta. Inunue kabla, maana karibu na hoteli hugeuka bidhaa ya anasa.

Mji wa kale

Mtaa wa kale, wenyewe wanauita Barri Antic, unaumaliza kwa dakika kumi kama una haraka. Usiwe na haraka. Nenda asubuhi kabla ya saa 4, watalii wa siku moja wakiwa bado njiani. Vaa viatu vyenye soli ya kushika: mawe ya njia yakilowa yanateleza kama sabuni.

Cha kuonwa kwa kweli ni Casa de la Vall, Nyumba ya Bonde. Ilijengwa 1580 na familia ya Busquets iwe makazi yao, na mwaka 1702 ikanunuliwa iwe nyumba ya baraza la nchi. Bunge, lenye wajumbe 28 tu, lilikutana humo hadi 2011 lilipohamia jengo jipya lililo pembeni. Kwa nje simama mbele ya mlango. Mawe ya upinde wake ni marefu, yamepangwa kama miale ya jua, na juu yake iko nembo ya nchi: kofia na fimbo ya askofu wa Urgell, mistari mitatu ya Foix, minne ya Katalonia, na ng'ombe wawili wa Béarn (Foix na Béarn ni maeneo ya kale ya kusini mwa Ufaransa). Ndani ya nembo hiyo mna katiba nzima ya zamani. Tangu mkataba wa 1278 nchi ina wakuu wawili, askofu wa Urgell na mtawala wa Foix, na urithi wa Foix umezunguka hadi leo ukaangukia kwa rais wa Ufaransa. Rais wa jamhuri, ambaye ng'ambo ya mlima ni mtawala wa kifalme asiyechaguliwa na wenyeji! Katiba iliyoandikwa ilikuja 1993 na kuwaacha wote wawili palepale.

Ndani, ulizia kabati la funguo saba. Ni kabati la mbao lililojengewa ukutani, lenye kufuli zilizopangwa, kila parokia na ufunguo wake. Parokia hapa ni kama wilaya, ziko saba. Nyaraka za nchi zilitunzwa humo, na kabati halikufunguka mpaka wawakilishi wa parokia zote wawepo na funguo zao. Kabla ya 1978 parokia zilikuwa sita. Escaldes-Engordany ilipojitenga na Andorra la Vella ikabidi kuongeza ufunguo wa saba. Kuna pia jiko la zamani ambalo moshi wa miaka mingi umelipaka masizi, na lina mvuto kuliko ukumbi wenyewe. Panga nafasi mapema kwa ofisi ya utalii, kwa sababu makundi ni madogo na lugha ya maelezo hupangwa kwa saa.

Karibu na hapo pana Plaça del Poble, uwanja ulio juu ya paa la jengo. Mgeni anaweza asitambue kwamba anatembea juu ya ofisi. Lifti ya umma inakushusha hadi mtaa wa chini. Mji huu umejaa ngazi, na lifti za namna hii ni rafiki wa mwenye gari la mtoto au goti bovu. Ziangalie kwenye ramani kabla ya kupanda ngazi mia.

Sanamu ziko barabarani, bure. Saa ya Salvador Dalí iliyoyeyuka, karibu mita tano kwenda juu, iko Plaça de la Rotonda karibu na daraja la Pont de París, na kila mtu hupiga picha hapo. Zile za Jaume Plensa, watu saba waliochuchumaa juu ya nguzo, mmoja kwa kila parokia, zitembelee usiku, maana huwaka rangi. Mchana ni plastiki nyeupe tu.

Lakini mahali bora kuliko pote pa kutumia muda wa saa moja pako nje kidogo ya mji: Santa Coloma. Panda basi la L1 kuelekea Sant Julià de Lòria, ushuke kijijini. Kanisa ni dogo, na mnara wake wa kengele ni wa duara, wakati minara mingi ya makanisa ya kale ya bonde hili ni ya mraba. Michoro yake ya ukutani ya karne ya 12 ilibanduliwa katika karne ya 20 na kuishia Berlin. Serikali ya Andorra iliinunua na kuirudisha 2007. Tangu 2019 iko Espai Columba, jumba dogo hatua chache kutoka kanisani. Anza hapo uone rangi halisi, ukaribie uone mahali chokaa ilipokatika. Kisha ingia kanisani, ambako taa huurudisha mchoro ukutani pale ulipokuwa. Ukifanya kinyume, onyesho la taa linakuwa sinema tu, kwa kuwa hujui linakuonyesha nini.

Maji ya moto

Jina Escaldes lenyewe linatokana na joto. Maji hutoka ardhini yakiwa na nyuzi karibu 70, yana salfa, na hupoozwa kabla mtu hajaingia. Caldea, jumba la vioo lenye mnara wa mita 80 unaoonekana kila pembe ya mji, lilifunguliwa 1994 na limejengwa kuyatumia. Kutoka Plaça de la Rotonda ni mwendo wa robo saa hivi kando ya mto.

Tiketi huuzwa kwa muda, mara nyingi saa tatu, na muda huo unaanza kuhesabiwa unapopita geti, si unapoingia majini. Kubadili nguo na kutafuta kabati kunakula dakika ishirini za kwanza kwa asiyejua. Ingia na nguo ya kuogelea tayari ndani ya nguo zako. Taulo na ndara beba zako. Za kukodi zipo lakini ni gharama ya bure. Mikufu na pete za fedha ziache hotelini, kwani salfa huzifanya nyeusi. Jumamosi jioni bila kupanga nafasi utarudishwa mlangoni. Siku ya kazi saa 4 asubuhi, au usiku, ndio wakati.

Ziwa la nje usiku wa baridi, mvuke ukipanda na kichwa kikipigwa na hewa ya nyuzi sifuri, linastahili bei yake. Mabwawa ya kuhama kutoka maji ya joto kwenda ya baridi pia ni mazuri, ila usikae ya moto hadi kichwa kizunguke. Toka, kunywa maji, rudi. Sehemu za ndani zilizobaki ni za kawaida, kelele nyingi wakati wa likizo za shule. Anayetaka utulivu alipie Inúu, upande wa watu wazima, ambao ni ghali zaidi. Mwenye misuko au rasta ajue hili: nywele hazitakauka kabla hujatoka, na nje kuna baridi kali. Kofia ya sufu kavu iwe ndani ya mfuko.

Njia za miguu

Mlima wa upande wa jua wa mji una Rec del Solà, na wa upande wa kivuli una Rec de l'Obac. Rec ni mfereji wa kumwagilia uliochimbwa kufuata kontua, kama ile ya Wachagga mitelemkoni mwa Kilimanjaro, na njia ya miguu inaambatana nao. Kwa kuwa maji hayapandi mlima, njia nayo ni tambarare karibu mwanzo mpaka mwisho. Kazi yote ni kuifikia, ngazi na vichochoro vikali vya dakika kumi hivi. Ukifika juu, paa za mji wote ziko miguuni pako, na bustani za mboga za wenyeji zinakugusa bega. Solà ina kilomita mbili na nusu hivi, na kwa mtoto au mzee inawezekana. Majira ya baridi chagua Solà tu. Obac haipati jua, na barafu ya jana bado iko pale leo.

Mwenye siku nzima na mapafu aende bonde la Madriu, lililomo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2004. Halina barabara ya gari hata moja. Njia inapanda kutoka Escaldes juu ya mawe yaliyotandikwa zamani kwa ajili ya nyumbu na mifugo. Mwanzo ni mkali sana, ndipo wengi wanapogeuka, kisha bonde linafunguka na kuwa laini, na vibanda vya mawe vya wachungaji vinaanza kuonekana. Kati ya Juni na Oktoba ndio wakati. Maji lita mbili kwa mtu, koti la mvua hata kama asubuhi mbingu ni safi, kwani ngurumo za Julai na Agosti huja alasiri. Geuka kurudi kabla ya saa 7 mchana.

Kula

Jikoni hufungwa, na hili huwapata watu wetu kila mara. Chakula cha mchana ni kuanzia saa 7 hadi kama saa 9 na nusu. Cha usiku ni kuanzia saa 2. Katikati hapo utapata kahawa na mkate. Chakula cha bei nzuri ni cha mchana siku za kazi, *menú del dia*: sahani mbili, kitindamlo, mara nyingi na kinywaji, kwa bei moja.

Trinxat ndicho chakula cha mlimani: kabichi na viazi vilivyochemshwa, vikapondwa pamoja, vikakaangwa kama chapati nene hadi ukoko ushike rangi. Kikipikwa vizuri kingo zinalia kwenye meno na katikati ni laini kama mashed ya nyumbani. Kibaya ni uji wa kabichi. Ila mafuta yake ni ya nguruwe na vipande vya kitimoto vimelala juu. Kwa asiyekula nguruwe, kusema "bila nyama" hakutoshi, maana mafuta yanabaki. Sema *sense porc* na uulize kimekaangwa na nini.

Neno jingine la kuchunga ni *truita*. Kwa Kikatalani ni kimanda, na pia ni samaki aina ya trauti. *Truita de patates* ni kimanda cha viazi. *Truita de riu* ni samaki wa mtoni. Na samaki huyo kwa mapishi ya kienyeji huja na kipande cha paja la nguruwe lililokaushwa, kwa hiyo hata aliyekimbilia samaki aulize.

Maduka, kwa hesabu

Barabara ya Meritxell ina maduka mwanzo hadi mwisho, na hufunguliwa hata Jumapili, kuanzia asubuhi hadi jioni. Siku za kufungwa ni nne: 1 Januari, 14 Machi, 8 Septemba na 25 Desemba.

Kodi ya mauzo hapa ni asilimia 4.5, Hispania ni 21. Inaonekana ni sherehe. Lakini kama makazi yako ni Afrika Mashariki au Ghuba, Hispania yenyewe hukurudishia kodi unapoondoka na bidhaa, bila kiwango cha chini cha manunuzi. Asilimia 21 iliyomo ndani ya bei ni sawa na asilimia 17 na ushei ya ulicholipa, na wakala akikata ada yake unabaki na pungufu ya hapo. Pengo kati ya bei hiyo na ya Andorra linapungua sana, na hujapita forodha ya mlimani. Anayefaidika kweli ni Mswahili anayeishi Barcelona, Paris au Brussels, ambaye harudishiwi kitu. Kompyuta mpakato zikague kibodi kabla ya kulipa: nyingi ni za Kihispania, zenye ñ.

Ukitoka, mtu mzima anaruhusiwa bidhaa za viwandani za hadi euro 900, aliye chini ya miaka 15 euro 450. Kitu kimoja cha euro 1,200 hakigawanyiki kwa watu wawili, hata kama ni mke na mume. Sigara ni 300, pombe kali lita 1.5, au zile zilizo chini ya asilimia 22 lita 3, na mvinyo wa mezani lita 5. Manukato mazito gramu 75, marashi mepesi mililita 375. Weka risiti juu, si chini ya sanduku. Afisa akipanda basini hana subira ya kukungoja uchakure.

Na hapo bado hujafika nyumbani. Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu abiria pombe kali lita 1 au mvinyo lita 2, na tumbaku gramu 250 kwa jumla. Kiwango cha Andorra ni kikubwa kuliko hicho, kwa hiyo chupa iliyopita La Farga de Moles bila swali inaweza kulipiwa ushuru JKIA au JNIA. Chupa zote ziingie kwenye sanduku la kupakia chini, zimeviringishwa ndani ya nguo: mfuko uliofungwa na duka la mjini si ule wa duka la uwanja wa ndege, na pale El Prat wanaweza kukunyang'anya.